Kivunge cha Maumbo ya Kupapasa: Mbao Nzuri, Kadi za Macho

Mtoto wa miaka mitano asiyeona alikuwa amekwisha kutaja vipande bapa vyote saba vya kivunge hiki, yaani sanduku la zana za kufundishia maumbo kwa kupapasa, bila kukosea hata mara moja. Siku iliyofuata nilimpa pembetatu niliyoikata mwenyewe kutoka kwenye boksi gumu, yenye ukubwa uleule wa ile ya mbao, nikamwuliza ni umbo gani. Aliipitishia kiganja mara moja tu, akajibu kwa uhakika kwamba ni mraba. Nilipomwomba aipapase tena alinijibu kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi: "Mwalimu, ni mraba. Si ni laini?" Katika kivunge, mraba ndicho kipande pekee ambacho hakikuvikwa kitu juu yake. Pembetatu imebandikwa msasa, duara limevikwa kitambaa chenye manyoya, mstatili una mifereji, na vilivyobaki vina sponji, ngozi na mpira. Mtoto alikuwa ameshika vyema kabisa kile alichofundishwa na watengenezaji, ila hicho hakikuwa umbo.

Kivunge hiki nimekitumia muhula mzima na watoto sita wa umri wa miaka minne hadi saba, ambao wanne kati yao hawaoni kabisa na wawili wana uoni hafifu. Kampuni iliyokitengeneza sitaitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimekutana nazo katika zana za watengenezaji wengine pia, na anayetafuta zana za namna hii atafaidika zaidi akijua cha kuangalia kuliko kujua jina la kuepuka. Ndani ya sanduku mna ubao wenye matundu saba pamoja na vipande bapa vyake, yaani duara, mraba, mstatili, pembetatu, duaradufu, nusu duara na pembesita. Maumbo saba yenye ujazo, yaani tufe, mchemraba, mche mstatili, mcheduara (silinda), pia (koni), piramidi na mche wa pembetatu. Kadi 20 za plastiki zenye mistari iliyoinuka. Ubao wa kuchorea uliotandikwa mpira. Na kijitabu cha mwalimu.

Kosa la kuvika kila umbo ngozi yake linaeleweka, kwa sababu mtu anayeona huwaza kwamba mtoto asiyeona atafurahia vitu vyenye miguso mbalimbali, na kweli hufurahia. Tatizo ni jinsi mkono unavyofanya kazi. Susan Lederman na Roberta Klatzky, watafiti wa saikolojia ya mguso, walieleza mwaka 1987 kwamba mkono una mienendo maalumu kwa kila sifa unayoitafuta: husugua huku na huku kutambua ukwaruzo, hubonyeza kutambua ugumu, hutulia juu ya kitu kutambua joto, hukiinua kutambua uzito, hukikumbatia kwa kiganja kupata ukubwa na umbo la jumla, na hufuata ukingo wake kwa kidole kupata umbo kwa usahihi. Kusugua hutoa jibu mara moja, ilhali kufuata ukingo ni kazi ya polepole inayodai mtoto akumbuke alikotoka, ahesabu pembe alizopita na ajue amerudi mwanzo. Hakuna mtoto, wala mtu mzima, atakayekubali safari hiyo ndefu ikiwa jibu limekwisha kumfikia kwa msuguo mmoja. Ni sawa na kumfundisha mtoto anayeona maumbo ambayo pembetatu zote ni nyekundu na miraba yote ni ya buluu, kisha kushangaa kwamba amejifunza rangi.

Tulichofanya ni kubandua vifuniko vyote kwa maji ya uvuguvugu na kisu butu, tukabaki na vipande saba vya mbao laini. Wiki mbili zilizofuata hazikuwa nyepesi, kwani watoto waliokuwa mabingwa wa kutaja maumbo walijikuta hawajui hata moja. Baadaye nilikata maboksi, misasa na vitambaa ili kila umbo lipatikane katika kila mguso, na hapo ndipo neno "pembetatu" lilipoanza kuwa na maana moja mikononi mwao. Mtengenezaji angeweza kuifanya kazi hiyo kwa kuongeza vipande vichache tu.

Kasoro ya pili sikuigundua hadi vifuniko vilipotoka. Kwa ajili ya usalama, pembe zote za vipande zimesagwa zikawa butu, na katika pembetatu, ambayo upande wake ni sentimita 6, usagaji huo umekula karibu sentimita 1 kila pembeni. Jicho husamehe jambo hilo, kwa kuwa huona pande tatu zilizonyooka na kuzirefusha lenyewe hadi zikutane. Kidole hakina uwezo huo. Kinatembea kwenye upande, kinaingia kwenye mpindo usio na mwisho dhahiri, kinatokea upande mwingine, na mtoto anasema kitu hiki ni kama yai. Lugha yetu inatusaidia sana katika somo hili, maana jina pembetatu lenyewe linamwambia mtoto atafute nini na ahesabu ngapi. Kwa hiyo inasikitisha kumpa mtoto kitu chenye jina la pembe kisicho na pembe. Ukali wa mbao unaweza kuondolewa kwa kupitisha msasa mwembamba kwenye kingo za juu na chini, huku pembe zenyewe zikibaki pembe. Fundi seremala alitutengenezea nyingine kwa mbao ngumu, na katika muhula mzima hakuna aliyeumia.

Aidha, pembetatu ya kivunge ni moja tu, ile yenye pande tatu sawa, na watoto walipokutana na pembetatu nyembamba ndefu, au yenye pembe mraba, waliikataa. Kuhusu mraba na mstatili nitasema kwa ufupi: mstatili una urefu wa sentimita 6.5 na upana wa sentimita 5.5, tofauti ambayo mkono mdogo hauwezi kuinasa bila kupima upande mmoja kwa vidole viwili, kuukumbuka, kisha kuupima mwingine. Mstatili wa kuanzia unapaswa kuwa na urefu mara mbili ya upana wake, ili mtoto aweze kuweka miraba miwili juu yake na kuona kwa mikono yake kwamba umejaa.

Nikigeukia ubao wa matundu, sifa zinaanza kuongezeka. Ubao wa namna hii una ukoo mrefu: Édouard Séguin aliutumia katika karne ya 19 kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, na Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliuendeleza na kuwafunga watoto wanaoona vitambaa machoni ili wategemee mikono. Katika ubao huu kila tundu lina kitundu kidogo kilichopenya hadi chini, ambacho mtoto husukumia kipande kwa kidole ili kitoke. Ni jambo dogo, lakini linaondoa haja ya kuweka kishikio juu ya kipande, na kishikio huvuruga umbo kwa kuwa mkono hukishika chenyewe na kusahau ukingo.

Ambacho kijitabu hakimwambii mwalimu ni kwamba matundu haya hayalingani kwa ugumu. Duara huingia kwa namna yoyote litakavyogeuzwa. Pembesita huingia kwa namna sita, mraba kwa nne, pembetatu ya pande sawa kwa tatu, mstatili na duaradufu kwa mbili, na nusu duara kwa namna moja tu. Mtoto anayeshindwa kuingiza nusu duara pengine amelitambua umbo na tundu lake vizuri sana, ila hajaligeuza inavyotakiwa. Kijitabu kinashauri kuanza na nusu duara mara baada ya duara, eti kwa sababu yanafanana! Tulipobadili mpangilio kwa kufuata idadi ya namna za kuingia, malalamiko yalipungua, na mtoto mmoja wa miaka saba alianza kuhesabu namna hizo kwa sauti bila kuambiwa na mtu.

Maumbo yenye ujazo ndiyo sababu ya kukinunua kivunge hiki. Yote yametengenezwa kwa mbao ya aina moja, hayakuvikwa kitu, pembe zake zimebaki pembe (pengine aliyeyachonga si yule aliyechonga vipande bapa), na ukubwa wake unamwezesha mtoto wa miaka minne kuyakumbatia kwa viganja viwili na kulipata umbo lote kwa pamoja kabla ya kuanza kupapasa sehemu zake. Mchemraba wenye nyuso 6, kingo 12 na ncha 8 ni mwingi mno kwa mtoto anayeupapasa kipande kwa kipande, lakini unapojaa mikononi humpa kwanza kitu kizima, na nyuso zinahesabika baadaye. Wabunifu wamelinganisha pia vipimo: mchemraba una uso unaoingia sawasawa katika tundu la mraba, na kitako cha mcheduara kinaingia katika tundu la duara. Hilo ndilo daraja ambalo watoto wasioona hukosa mara nyingi, kwa kuwa umbo bapa halipo peke yake popote mikononi mwao. Kila wanachokishika kina unene, na mraba wanakutana nao kama uso wa kitu kingine. Tulikandamiza maumbo hayo katika udongo wa mfinyanzi na kuyaondoa, watoto wakapapasa nyayo zake na kubishana ni kitu gani kilipita pale. Mcheduara uliwapa kazi kwelikweli, kwa sababu ukisimama huacha duara na ukilala huacha mfereji.

Kifuniko cha sanduku kina kingo zilizoinuka na hutumika kama sinia, jambo linaloonyesha kwamba kuna mtu alimfikiria mtoto ambaye tufe likimponyoka limepotea. Ndani ya sinia hilo maumbo hufunza kwa sauti. Tufe huzurura kila upande, mcheduara hubingirika kwa kunyooka hadi ugonge ukingo, na pia, ambayo watoto wengi waliijua kwa mchezo wa kuizungusha, huzunguka ncha yake na kurudi ilikoanzia. Mchemraba husukumwa na kukaa kimya.

Hapa nina lalamiko la lugha. Kijitabu kinaita duara "mviringo", na kurasa mbili mbele kinaita tufe "mviringo" vilevile. Katika mazungumzo ya kawaida sote tunafanya hivyo, na anayeona hapotei kwa kuwa macho yamekwisha kumwonyesha kinachozungumzwa. Mtoto asiyeona hana kingine cha kushika isipokuwa neno na kitu kilichomo mkononi, na ukimpa neno moja kwa sarafu na kwa mpira, umemfungia mlango ambao somo lilikusudia kuufungua. Tuliamua kwamba mviringo ni sifa, yaani jinsi kitu kilivyopinda, na kwamba duara na tufe ni majina ya vitu viwili tofauti.

Sasa kadi. Kati ya zile 20, kumi na tatu zina maumbo bapa na saba zina picha za maumbo yenye ujazo. Zile za maumbo bapa zinavumilika. Kona ya juu ya kulia imekatwa ili mtoto ajue kadi imekaa wima, na hilo ni zuri. Hata hivyo duara limechorwa kwa mstari mtupu, bila alama ya mahali pa kuanzia, na kidole kinachozunguka mstari wa duara hakina njia ya kujua kwamba kimerudi nyumbani, hivyo mtoto huzunguka mara tatu akidhani ni njia ndefu. Tuliwafundisha kuacha kidole cha mkono wa kushoto mahali pa kuanzia na kuzungusha cha kulia hadi vikutane. Ingefaa zaidi kadi za mwanzo zingekuwa na umbo lililoinuka lote kama jukwaa, halafu zifuate zile zenye ukingo peke yake. Majina ya maumbo yameandikwa kwa nukta nundu (Breli, maandishi ya kupapasa ya wasioona), ambalo ni jambo la kushukuru, ila yamewekwa karibu mno na mchoro. Nukta ndani ya herufi moja zina nafasi ya takriban milimita 2.5 kati yake, na jina lilipowekwa milimita chache chini ya mstatili, watoto ambao bado hawajajua kusoma waliliona kuwa ni miguu ya mstatili.

Zile kadi saba nyingine nimeziweka kando kabisa, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu ndizo zinazotangazwa kwa fahari zaidi juu ya sanduku. Mchemraba umechorwa juu yake kama unavyochorwa vitabuni: mraba mmoja mbele, na vitu viwili vilivyolala mshazari juu na ubavuni. Mchoro huo ni makubaliano ya watu wenye macho kuhusu jinsi kitu kinavyoonekana mtu akisimama mahali fulani. Hakuna mkono uliowahi kukutana na mchemraba wenye nyuso zilizolala mshazari. Mtoto niliyemwekea mchemraba wenyewe mkono mmoja na kadi yake mkono mwingine alipapasa vyote viwili kwa makini, kisha akaniuliza ni nani aliyeuvunja huu wa kwenye kadi.

Swali linalofanana na hili ni la zamani. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimwandikia mwanafalsafa John Locke akiuliza kama mtu aliyezaliwa haoni, ambaye amezoea kutofautisha mchemraba na tufe kwa kugusa, akipata kuona ataweza kuvitambua kwa macho tu. Wote wawili waliona kwamba hataweza. Karne tatu baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto wa India waliozaliwa na upofu unaotibika walipimwa mara baada ya upasuaji, na kwa kweli walishindwa kulinganisha kitu walichokigusa na kile walichokiona, ingawa uwezo huo ulianza kuja baada ya siku chache za kuona. Ikiwa mkono na jicho havikabidhiani maumbo hata kwa mtu aliyekwisha kupata macho, sioni ni kwa msingi gani mtengenezaji anatarajia mtoto asiye na macho asome picha ya jicho kwa kidole. Badala ya picha hizo ningechora nyuso za umbo zikiwa zimekunjuliwa, mraba kando ya mraba, ili mtoto azikate na kuzikunja.

Kwa watoto wawili wenye uoni hafifu kivunge kina upungufu mwingine, nao unashangaza zaidi kwa kuwa watu wengi wanaohesabiwa kuwa wasioona wana kiasi fulani cha uoni. Ubao ni wa rangi ya mbao, vipande ni vya rangi hiyohiyo, na vyote vimepakwa vanishi inayong'aa ambayo hurudisha mwanga wa dirishani machoni. Tulipaka ubao rangi nyeusi isiyong'aa na vipande rangi ya njano, na mmoja wao akaanza kufikia kipande kilipo bila kupapasa meza nzima.

Ubao wa kuchorea nimeuacha hadi sasa kwa kuwa ndio uliotumika kila siku. Juu ya mpira huwekwa karatasi nyembamba ya plastiki, na ukikwaruza kwa kalamu mstari huinuka hapohapo, upande uleule wa juu. Anayejua kibao na kalamu ya nukta nundu, ambapo nukta hutokea nyuma ya karatasi na mwandishi hulazimika kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, ataelewa thamani ya kuchora na kupapasa ulichochora papo hapo. Watoto walichora pembetatu zao, zilizopinda na zisizofunga, wakazisahihisha wenyewe kwa kidole. Karatasi zilizomo ni 25 tu, nazo ziliisha katika wiki ya tatu; tangu hapo tunatumia plastiki nyembamba za kufungia, ambazo huchanika upesi lakini hutosha.

Kuhusu kijitabu, nimekwisha kusema ya mviringo na ya nusu duara. Limebaki moja: kinamwagiza mwalimu "aushike mkono wa mtoto na kuupitisha juu ya umbo". Tafadhali usifanye hivyo. Mkono ulioshikwa kutoka juu haupapasi, unaburutwa, na watoto wengine huukunja ngumi wakikataa. Weka mkono wako chini ya mkono wa mtoto, papasa wewe, naye afuate juu yako, aondoke atakapo na arudi atakapo.

Mwenye nafasi ya kununua maumbo yenye ujazo na ubao wa kuchorea peke yake, kwa kuwa watengenezaji wengine huviuza mbalimbali, afanye hivyo, na ubao wa matundu amwagize seremala kwa pembe anazozitaka. Anayelazimika kununua sanduku zima aandae maji ya uvuguvugu, kisu butu na kopo la rangi nyeusi kabla ya kuliingiza darasani. Zile kadi saba zina plastiki nzuri ngumu, nasi tumezikata mistatili mirefu na pembetatu nyembamba.